Waya Niliouandika Bila Kuuona

Vijana wa karakana mmeniomba niandike namna tulivyokuwa tunakagua matumizi ya umeme kwenye majengo kabla ya hizo mita zenu za kubana waya na kompyuta za mapajani. Nimekubali. Ila msitegemee Kiswahili cha ofisini. Mimi shule niliishia darasa la nne pale Iyula, na la nne lenyewe sikulimaliza. Kilichonifundisha ni mita, watu, na kosa moja ambalo nusura limfukuze mzee wa watu kwenye chumba alichoishi miaka kumi na moja. Nitalifikia. Kwanza mjue nilikotoka, msije mkadhani nilizaliwa na testa mfukoni.

Nilianza kazi katikati ya miaka ya themanini kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa huku Mbozi. Siku hizo sote tulikuwa Mkoa wa Mbeya. Habari za Songwe kuwa mkoa zimekuja mimi nikiwa nakunja mkoba. Niliajiriwa kufagia. Nilifagia miezi minane, na nasema bila aibu kwamba ghala lile halijafagiliwa vizuri tena tangu nilipoacha. Fundi mkuu wa umeme aliitwa Nzowa, mtu mfupi, mkali, mfuko wa shati umejaa karanga muda wote. Alikuwa akiniona nasimama na fagio naangalia ubao wa swichi. Siku moja akaniita.

"Wewe, unaangalia nini?"

"Naangalia umeme, fundi."

"Umeuona?"

"Hapana."

"Basi una akili. Wenzako huniambia wameuona. Nenda ghala la pili ukahesabu balbu."

Nikaenda. Nikapanda magunia, nikashuka magunia, nikarudi nimelowa jasho. Arobaini na sita, nikamwambia.

"Zinazowaka ngapi?"

"Mimi nimehesabu zote."

"Balbu iliyoungua inakula nini?"

"Haili kitu, fundi."

"Basi umehesabu makaburi. Rudi."

Nikarudi. Zilikuwa zinawaka kumi na tisa. Hilo ndilo lilikuwa darasa langu la tano.

Nzowa alinifundisha kusoma kile kisahani kinachozunguka ndani ya mita. Nyinyi wengi mmezikuta mita za Luku, za kununua umeme kwanza, kisahani hamkukiona. Kilikuwa cha bati jeupe, kina alama nyekundu ukingoni, kinazunguka kadiri jengo linavyokula. Kwenye uso wa mita imeandikwa mizunguko mingapi inafanya uniti moja. Nyingi za huku kwetu zilikuwa mia sita. Basi unasimama na saa ya mkono, alama nyekundu ikipita unaanza kuhesabu sekunde. Ikirudi baada ya dakika nzima, jengo linakula kama balbu moja ya mia. Ikirudi baada ya sekunde sita, linakula kama pasi moja ya umeme. Sekunde tatu, pasi mbili. Mimi maisha yangu yote nimehesabu kwa pasi. Wahandisi wamenicheka, kisha wamepiga hesabu zao ukurasa mzima na kufika palepale nilipokuwa nimekaa nawasubiri.

Vifaa vyangu vilikuwa saa, testa, daftari la kurasa mia, mshumaa na kipande cha gazeti. Mshumaa unauwasha mbele ya mlango wa chumba cha baridi: mwali ukilala, mlango unavuja. Gazeti unalibana kwenye mlango wa friji ukaufunga, kisha unalivuta. Likitoka bila kugoma, ule mpira wa mlango umekwisha na friji inapoza mtaa mzima. Soketi unaigusa kwa mgongo wa mkono, usitumie kiganja, maana mgongo wa mkono unasikia joto upesi na ukishtuka unajivuta badala ya kushika. Soketi yenye joto wakati hakuna kilichochomekwa imetumika muda si mrefu. Hilo mlishike, litarudi.

Kisha biashara ikafunguliwa. Wanunuzi binafsi wa kahawa wakaja, kiwanda kikabadilisha wamiliki, na sisi wa zamani tukapunguzwa. Nzowa alirudi kwao kulima. Mimi nikashuka Tunduma na mkoba wangu. Watu walinionea huruma, jambo ambalo lilinishangaza, kwa sababu mji ulikuwa unaota majengo kama uyoga: gesti, maduka, mashine za kusaga, mabucha. Malori yanapanga foleni mpakani, madereva wanalala siku tatu, siku nne, kila mwenye kiwanja anajenga vyumba. Na kila mwenye vyumba anauliza swali moja: umeme wangu unakwenda wapi? Hakuna aliyekuwa anajibu. Nikajibu mimi.

Kesi nyingi zilikuwa za kuchekesha. Kulikuwa na mwenye duka mmoja aliyelalamika kwamba friza lake la samaki halipumziki mchana kutwa. Nikafika, nikakuta friza na jiko la chipsi vimepeana mgongo, katikati ukuta wa mabati. Nikamuuliza, "Mzee, huyu unampoza au unamkaanga?" Akanuna. Tukahamisha friza upande wa pili, likaanza kupumzika. Kazi ya dakika kumi, na bado kuna watu mtaa ule wananiita daktari.

Kwa hiyo nilipoitwa na Mama Neema nilikuwa na kichwa kikubwa. Nasema ukweli.

Mama Neema alikuwa Mnamwanga, ndugu zake nusu wako Tunduma na nusu wako Nakonde, ng'ambo ya mpaka upande wa Zambia, mwanamke wa sauti nene na asiyekopesha tabasamu. Jengo lake lilikuwa na vyumba kumi na vinane kuzunguka ua. Lilianza kama gesti ya madereva, lakini baadaye vyumba vingi vikakaliwa na wanawake wa biashara ndogondogo, wa huku na wa ng'ambo, wanaopanga kwa mwezi. Amri yake ilibandikwa mlangoni: marufuku kupika vyumbani. Mtunza jengo alikuwa mzee Sikanyika, mtu mrefu, mpole, mwenye funguo zote kiunoni. Aliishi na mkewe kwenye chumba cha pembeni ya ua. Ukuta wa ua ule ulipakana na baa, na shemeji yake Sikanyika alikuwa anauza kwenye baa hiyo. Hilo la shemeji sikulijua. Mama Neema alilijua vizuri sana.

"Mita yangu inakimbia, fundi," akaniambia. "Nataka ukague uandike. Mimi nataka maandishi."

"Nitakuja Jumanne," nikasema.

Hapo nilishakosea mara ya kwanza. Nilisema siku. Naye akatangaza: Jumanne anakuja mkaguzi.

Jumanne nikafika na daftari. Jengo lilikuwa safi kama kanisa siku ya harusi. Kila chumba kitanda kimetandikwa, balbu moja, redio hapa na pale. Mwanamke mmoja kutoka ng'ambo, mtoto mchanga mgongoni, akanifungulia na kusema, "Mwaiseni, ba fundi," karibu fundi, akanipa na kigoda. Nikaona watu wa adabu. Mzee Sikanyika alinishikia ngazi chumba kwa chumba. Nikahesabu balbu, zinazowaka na zilizokufa, kama Nzowa alivyonifundisha. Saa za matumizi nikamuuliza Mama Neema, yeye akiwa amekaa barazani. Jioni nikajumlisha. Orodha yangu yote haikufika nusu ya kilichosomeka kwenye mita.

Sasa mtu mwenye akili hapo anasema: sijui bado. Mimi niliona aibu kusema sijui, maana niliitwa daktari. Nikaandika mstari mmoja chini ya ukurasa, nakumbuka hata kalamu ilikuwa ya bluu: *Umeme unatoka nje ya jengo.* Nikampa nakala. Nikaenda zangu.

Ijumaa asubuhi nimekaa mbele ya kibanda changu cha ufundi, nikaona mama mmoja anakuja, khanga ameifunga kiunoni kwa nguvu, namna ambayo mwanamke huifunga akienda shamba au akienda kugombana. Alikuwa mke wa Sikanyika.

"Fundi, shikamoo sikupi, umri wetu mmoja. Nimekuja unioneshe waya."

"Waya gani, mama?"

"Huo uliouandika. Unaotoka kwetu kwenda baa. Mama Neema amesema mume wangu anamwuzia shemeji yake umeme. Jumatatu tuwe tumetoka. Basi tuoneshe huo waya tuukate, tuombe msamaha, tubaki."

"Mimi sikuandika baa."

"Umeandika nje. Nje yetu ni wapi? Upande huu barabara, upande huu choo, upande huu baa. Choo kinakula umeme?"

Nimesimama na wahandisi wenye digrii nikawajibu, lakini kwa mama yule nilifungua daftari kana kwamba waya uko humo.

"Waya umeuona?" akauliza.

Nikasikia sauti ya Nzowa kabisa. *Umeuona?*

"Hapana," nikasema.

"Basi umeandika usichokiona," akasema, akageuka. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

Jumamosi saa moja asubuhi nilikuwa kwa Mama Neema. Sikutaja siku safari hii. Uani niliona godoro la Sikanyika limeegemezwa ukutani, limefungwa kamba, na juu yake sufuria mbili na kiti.

"Umerudia nini?" akauliza Mama Neema. "Kazi si umemaliza?"

"Nimeacha testa."

"Mtu mzima unaacha testa?"

"Ndiyo uzee huo, dada yangu."

Nikachukua kreti la soda, nikaligeuza, nikakaa chini ya mita kwenye korido. Sikuingia chumba hata kimoja. Kila robo saa naangalia kisahani, naandika. Ilikuwa kipupwe, majira ambayo upepo wa Tunduma unakata masikio, nikajifunika koti hadi kidevuni. Watu wakapita, wakanizoea, wakanisahau. Mtu aliyekaa chini ya mita bila kufanya kitu hana tofauti na ndoo.

Saa mbili, saa tatu, kisahani kilizunguka pasi mbili, pasi tatu, halafu kikatulia. Saa nne, mzunguko mmoja kwa nusu dakika: balbu mbili za mia, basi. Baa ya jirani ilikuwa na kufuli mlangoni. Saa sita kasoro robo, pasi moja. Saa sita, pasi tatu. Saa sita na robo, mizunguko minne kwa sekunde tatu. Pasi nane! Nikadhani saa yangu imeharibika. Baa bado ina kufuli. Halafu upepo ukageuka, nikasikia harufu ya dagaa wa kukaanga na ugali unaoshika sufuria, kutoka kila upande, kupitia chini ya milango iliyofungwa. Saa saba na nusu kisahani kikarudi kwenye balbu mbili.

Nikacheka peke yangu kwenye kreti. Umeme wa wizi wa baa ungeliwa jioni, baa inapofunguliwa. Huu uliliwa saa ya chai na saa ya ugali.

Nikaamka, nikapita korido kama mtu anayetafuta testa. Wengine walikuwa wamefungua milango kuosha vyombo. Nikagusa soketi kwa mgongo wa mkono, hodi hapa, hodi pale. Nane zilikuwa na joto. Kwa yule wa "mwaiseni" niliona chini ya kitanda ncha ya kitenge kilichofunikwa juu ya ndoo, na kutoka kwenye ndoo joto linapanda. Mle ndani mlikuwa na jiko la koili: tofali limechongwa mfereji, waya wa koili umelazwa ndani yake, basi. Jumanne majiko yote yalikuwa ndani ya ndoo, na mimi nilikalia kigoda hatua moja kutoka hapo nikishukuru adabu. Mama yule aliniangalia, mtoto ananyonya. Nilisema, "Soketi hii imeungua ukingoni, utaunguza nyumba," nikatoka.

Bado sikuwa na haki ya kuandika. Nimeshaandika mara moja kwa kudhani. Nikamwambia Mama Neema nataka turudie kesho, Jumapili, saa moja asubuhi, watu wakiwa ibadani, na yeye awepo.

"Mimi nina ibada ya kwanza."

"Basi saa nne. Na mzee Sikanyika awepo na funguo zake."

"Huyo wa nini?"

"Ndiye anayejua jengo. Mimi na wewe tunajua baraza tu."

Jumapili saa nne jengo lilikuwa tupu. Sikanyika alishawaomba wapangaji wote wazime kila kitu kabla ya kutoka. Swichi kuu tuliiacha imewaka, kwa makusudi, ili kama kuna waya wa kwenda popote uendelee kula. Tukasimama watatu chini ya mita. Kisahani kilikuwa kinajivuta polepole sana.

"Unaona!" akasema Mama Neema. "Kinaenda!"

Sikanyika akakiangalia kidogo, akasema, "Wa chumba namba nne huwa anasahau redio." Akaenda, funguo zikilia kiunoni. Tukasikia mlango. Kisahani kikapunguza, kikapunguza, alama nyekundu ikasimama mbele yetu kabisa. Haikutikisika.

"Dada yangu," nikasema, "panda hiyo ngazi hapo ukutani uangalie baa."

"Nipande ngazi na nguo za kanisani?"

"Panda."

Akapanda. Ng'ambo ya ukuta wafagiaji wa baa walikuwa wanaosha sakafu, muziki umefunguliwa mpaka mwisho, balbu za rangi za nje zinawaka mchana kweupe.

"Wana umeme?" nikauliza.

"Wanao."

"Mita yako inakwenda?"

Akageuza shingo. "Imesimama."

"Basi hakuna waya. Nilichoandika Jumanne ni uongo. Sikudhamiria, lakini ni uongo. Mzee huyu haibi."

Akashuka taratibu. "Kwa hiyo umeme unaliwa na nani?"

"Unaliwa humu ndani, saa ya chai na saa ya ugali. Wapangaji wako wanapika."

Nilidhani atanirukia mimi. Akamgeukia Sikanyika.

"Wewe ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Nakufukuza na mke wako, godoro limefungwa kamba, na umenyamaza? Si ungesema!"

Mzee yule alirekebisha funguo zake kiunoni. "Ungeniuliza kama wanapika, ningekujibu. Wewe uliniuliza kama naiba. Nikakujibu hapana. Hukuuliza kingine."

"Vyumba gani?"

Sikanyika akaangalia chini. Wote wawili tulijua. Mimi nilikuwa na namba za vyumba vinane kwenye daftari, na mama mwenye kichanga alikuwa mmojawapo, na kwa kipupwe kile, kumtoa nje na mtoto kungemuua mtoto.

"Fundi, na wewe unajua. Vyumba gani?"

"Mita inasema pasi nane," nikamjibu. "Majina haitaji. Ila soketi zako zote zimechoka, badilisha vyumba vyote kumi na nane, usiruke hata kimoja. Na watu wanakula, dada. Ukiwazuia kupika bila kuwapa jiko, watapika kitandani. Jenga banda la kupikia hapo uani, mabati manane yanatosha."

Mama Neema akaupima ua kwa macho. Kisha akasema kwa ile sauti yake nene, bila kumtazama mtu, "Mzee Sikanyika, hilo godoro lirudishe ndani. Litajaa vumbi."

Hiyo ndiyo ilikuwa samahani ya Mama Neema. Waliomjua wanasema ni kubwa kuliko aliyowahi kumpa marehemu mumewe.

Banda likajengwa wiki ile, Sikanyika mwenyewe akipigilia mabati. Wanawake wakapika nje na majiko ya mkaa, wakigombana kwa Kinamwanga, Kibemba na Kiswahili, na kisahani cha mita kikatulia kama kilivyopaswa.

Mimi nilibaki na yangu. Nilimfuata Sikanyika alipokuwa juu ya banda, misumari mdomoni.

"Mzee, niwie radhi."

Akatoa misumari. "Jumanne ile nilikushikia ngazi mara ngapi?"

"Vyumba vyote."

"Vyumba vyote. Uliniuliza nini?"

Nikafikiri. Nilikuwa nimemwambia sogeza, shika, inua. Sikuwa nimemuuliza kitu.

"Balbu zilizoungua uliziandika," akasema. "Mimi ninayeongea hukuniandika."

Akarudisha misumari mdomoni, akaendelea kupigilia.

Baada ya hapo nimekagua majengo mengi, kuanzia mabucha ya Nanyala mpaka ofisi za kule Itumba umeme ulipofika. Mita za Luku zikaja na kile kitaa kinachopepesa mara elfu moja kwa uniti, hesabu yangu nzuri ya sekunde sita ikaharibika, nikajifunza upya na umri huu. Njia yangu haikubadilika: sisemi siku ninayokuja, naanza na mwenye funguo kabla ya mwenye jengo, nakaa chini ya mita siku nzima kabla sijagusa balbu, nazima vyote niione imesimama. Kisichoonekana naandika *sijui*, kwa herufi kubwa. Wateja hawalipendi neno hilo. Wavumilie.

Daftari zangu zote nimewaachia, ziko kwenye kabati la chini karakana. Lile la kwa Mama Neema lina jalada jekundu. Ule ukurasa wenye mstari wa bluu sikuuchana, maneno nimeyakata kwa mstari mmoja tu ili yasomeke. Kurasa zote zinazofuata, hadi ya mwisho niliyoandika, mtaona juu kabisa, kabla ya balbu na kabla ya saa, kuna jina la mtu: mfagiaji, mlinzi, mpishi. Jina la kwanza kwenye orodha hiyo ni Sikanyika. Aliniuliza mara moja tukikutana sokoni kama bado nimemwandika mle kwenye daftari.

Nikamwambia, "Nimekuandika juu ya balbu zote."

Akasema, "Zinazowaka?"